Biashara Unayoweza Kuifunga Siku Tatu

Mwezi wa Agosti 2009 Mama alifunga biashara yake kwa siku tisa. Hakubandika tangazo wala hakuaga mteja. Alipindua karai lake kubwa la kukaangia, akalifunika kwa gunia, akanipa begi la nguo nilibebe, tukaelekea stendi. Tulikuwa tunakwenda Bondo kumzika Dani, mama yake mzazi.

Kwetu msiba hauishii kaburini. Kuna usiku wa kukesha, kuna wageni wa kupikiwa, kuna siku za kukaa na waliobaki ili boma lisipoe kwa ghafla. Mama ni kifungua mimba wa Dani. Wadogo zake walipoanza kuondoka mmoja mmoja, yeye alibaki kuosha sufuria za watu na kuwapokea waliochelewa. Hakuna aliyemlazimisha. Ingekuwa aibu kubwa kwake kufanya vingine, na hata leo ukimuuliza atakuambia angekaa tena siku zizo hizo tisa.

Tuliporudi Obunga, mtaa wetu wa Kisumu, karai lilikuwa pale pale chini ya gunia. Biashara ndiyo iliyokuwa imeondoka.

Kwa asiyeijua biashara hiyo, nieleze kidogo. Mbuta, yule samaki mkubwa wa Ziwa Victoria, akifika kiwandani hutolewa mnofu pande zote mbili, na mnofu huo hugandishwa na kusafirishwa ng'ambo. Kinachobaki ni kichwa, uti wa mgongo na mkia, pamoja na nyama kidogo iliyong'ang'ania mifupa. Hicho ndicho Kisumu tunakiita mgongo wazi. Wanawake wa Obunga wamekinunua kwa miaka mingi, wakakianika juu ya vichanja, wakakikaanga kwenye mafuta yanayochemka na kukiuza jioni kwa watu ambao bei ya mbuta mzima imewashinda. Ulaya ilikula mnofu, sisi tukala mfupa, na mfupa huo ndio ulionilipia karo.

Ili upate mgongo wazi lazima uwe na nafasi kwenye foleni, na nafasi hiyo haikuandikwa popote. Ilikuwa ni kujulikana tu: mama huyu huja kila siku, huchukua mabeseni matatu, hulipa. Mama alikujenga kujulikana huko kwa miaka sita. Siku tisa za kutoonekana zikatosha kumpa mwingine nafasi yake. Mahali alipokuwa akiuzia kando ya barabara palikuwa na mwenyewe mpya, na wateja wa jioni walikuwa wameshamzoea. Mtaji, shilingi 2,400 alizokuwa amezifunga kwenye pindo la leso, ulikuwa umeishia kwenye nauli, sukari, unga na mchango wa jeneza.

Nilikuwa kidato cha pili. Muhula uliofuata nilikaa nyumbani wiki tano.

Tangu wakati ule nina kipimo changu cha biashara. Mtu akiniambia ana biashara nzuri, simuulizi anaingiza ngapi kwa siku. Namuuliza: unaweza kuifunga siku tatu, uugue au uzike au umuuguze mtoto, kisha siku ya nne ufungue uikute? Wengi hucheka kwanza. Halafu hunyamaza.

Siku hizi husemwa sana kwamba taifa la wajasiriamali ndilo taifa lenye furaha. Husemwa kwenye semina za vijana, husemwa kanisani, husemwa na wanasiasa juu ya magari yao. Mimi mwenyewe nina biashara, naipenda, na ningependa kauli hiyo iwe kweli. Kwa kuwa naipenda ndiyo maana nataka tuiangalie vizuri.

Duka langu liko Kondele, hapa hapa Kisumu, lile ambalo wengi wetu tunaliita saiba. Nina kompyuta sita, printa mbili, mashine ya fotokopi na ya laminesheni. Kazi zetu ni kujaza fomu za huduma za serikali kwenye eCitizen, kuwasilisha ritani za kodi za KRA kabla ya 30 Juni, kupiga picha za pasipoti, kuchapisha barua za maombi ya kazi na programu za mazishi. Nilifungua mwaka 2019, baada ya mkataba wangu wa ofisini kuisha bila kuongezwa.

Asubuhi ya siku ya kwanza nilifika saa kumi na mbili u nusu. Kufuli lilikuwa jipya na ufunguo nilikuwa nimeushika mkononi tangu nyumbani, hata kwenye tuktuk sikuutia mfukoni. Nilipoinua ule mlango wa bati ukapiga kelele iliyosikika barabara nzima, nikasimama pale nikinusa rangi ambayo haijakauka vizuri. Mteja wa kwanza alikuwa mzee aliyetaka fotokopi ya kitambulisho, shilingi 5. Mwaka ule wote sikupata hata nusu ya mshahara niliokuwa nikilipwa ofisini. Lakini kwa miaka yote ya ofisini sikumbuki mshahara wa mwezi hata mmoja ulivyokuwa, na sarafu ile ya mzee bado ninayo.

Wachumi wameliona jambo hili. Mwaka 1998 David Blanchflower na Andrew Oswald walionyesha kwamba waliojiajiri husema wameridhika na kazi zao na maisha yao kuliko walioajiriwa. Miaka miwili baadaye Barton Hamilton, akichunguza takwimu za Marekani, akaonyesha kwamba wengi wao hung'ang'ania biashara zao ingawa wangepata pesa zaidi wakiajiriwa. Matthias Benz na Bruno Frey wa Uswisi wakaeleza sababu: binadamu hufurahia kile anachokipata, na pia hufurahia namna anavyokipata, hivyo kutokuwa na mtu juu yako wa kukuamrisha ni kitu chenye thamani yake. Nilipoyasoma haya niliikumbuka sauti ya ule mlango wa bati. Naamini kila neno.

Ila takwimu zao zilitoka hasa katika nchi tajiri, ambako mtu akiacha kazi kufungua duka, lipo la kumdaka akianguka. Ukitaka kuona jinsi wengi wetu tunavyoingia katika biashara, njoo ukae kwenye meza yangu Jumatatu asubuhi.

Huja kijana na flashi moja. Ndani kuna faili mbili. Ya kwanza ni wasifukazi: diploma ya uhasibu, au ya ualimu, au ya maabara, na chini yake mistari mitatu ya kazi za kujitolea. Ya pili ni jina la biashara analotaka kulisajili, mara ya chipsi, mara ya mitumba, mara ya kuosha magari. "Dada," huniambia, "hii ya kwanza nitolee nakala kumi. Hii ya pili tuiache kwanza. Nikikosa hizi kumi, tutaijaza." Wanaopima ujasiriamali duniani kwa miaka mingi waliwatenganisha wanaoanza biashara kwa kuona fursa na wanaoanza kwa kukosa njia nyingine, kila kundi kwenye safu yake. Mimi makundi hayo yote mawili huwa nayashika mkononi mwangu, ndani ya flashi ndogo kuliko kidole gumba.

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya walio kazini, ukiondoa wakulima wadogo, wako kwenye sekta isiyo rasmi, ile tunayoiita jua kali. Si jambo la jana. Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikuja Kenya na kuandika ripoti iliyotoka mwaka 1972, mojawapo ya ripoti za kwanza kabisa kusema kwamba kazi hizi za vibanda na karakana za kando ya barabara ni uchumi wa kweli unaostahili kuheshimiwa. Nusu karne imepita. Mwaka 2016 uchunguzi wa Shirika la Kitaifa la Takwimu ulikadiria kwamba biashara ndogo ndogo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa ndani ya miaka mitano, na karibu nusu yake hazikumaliza hata mwaka mmoja. Nikiisoma namba hiyo huona makarai yaliyopinduliwa, moja baada ya jingine, hadi macho yanapochoka.

Kama wingi wa wafanyabiashara ungekuwa ndio furaha, Kenya ingekuwa karibu na kilele cha dunia. Katika Ripoti ya Furaha Duniani huwa tuko baada ya nafasi ya 100. Inayoongoza tangu 2018 ni Finland, nchi ambayo wengi wa wafanyakazi wake wameajiriwa, na ambako hata anayeanza biashara anaweza kuomba posho ya serikali ya kumwezesha kuishi miezi ya mwanzo kabla wateja hawajamjua.

Namna furaha hiyo inavyopimwa ni rahisi kuliko nilivyodhani. Mtu huambiwa afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10. Kile cha juu kabisa ni maisha mazuri kuliko yote anayoweza kuyapata, cha chini kabisa ni mabaya kuliko yote. Leo umesimama kidato cha ngapi? Swali lilibuniwa na Mmarekani Hadley Cantril katika miaka ya 1960, na ndilo linalozipanga nchi tangu ripoti ya kwanza ilipotoka mwaka 2012. Baada ya hapo watafiti hutazama mambo sita yanayoweza kueleza tofauti: pato la nchi, kuwa na mtu wa kumtegemea ukiwa na shida, miaka ya kuishi kwa afya, uhuru wa kuchagua maisha yako, ukarimu, na kiasi cha rushwa ambacho watu wanakiona.

Jumapili moja nilimuuliza Mama. Siku hizi anauza omena soko la Kibuye, na alikuwa amekaa nje kwenye kigoda akizichambua, akitoa dagaa waliovunjika na vijiwe. Nikamweleza ngazi, nikamweleza vidato.

"Unaniuliza nikiwa naenda sokoni au nikiwa natoka?"

Nikamwambia achague mwenyewe.

"Nikienda, nyara, binti yangu, niko cha tatu. Gunia limejaa, mwenye mali hajalipwa, na mvua sijui itakuja saa ngapi. Nikirudi na gunia tupu niko cha nane." Akaendelea kuchambua. "Lakini usiniandike nane. Kesho naenda tena."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko utafiti wowote niliousoma. Mshahara, hata uwe mdogo, hukuweka kwenye kidato kimoja mwezi mzima. Unaweza kukichukia, lakini unakijua, na mguu wako umetulia. Biashara ya kila siku hukupandisha na kukushusha kabla jua halijatua, huku umebeba gunia mabegani. Ukijumlisha tatu na nane ukagawanya kwa mbili utapata namba nzuri ya kuandika kwenye ripoti, na hutakuwa umemwona mwanamke anayeipanda ngazi ile kila siku tangu mimi sijazaliwa.

Bhutan, ile nchi ndogo ya milima ya Himalaya ambayo mfalme wake wa wakati ule, Jigme Singye Wangchuck, alianza katika miaka ya 1970 kusema kwamba furaha ya watu ni muhimu kuliko pato la taifa, walilitafutia jambo hili njia nyingine. Kipimo chao kina maeneo tisa na viashiria 33, na kimojawapo ni saa za usingizi. Humuuliza raia: unalala saa ngapi? Unafanya kazi saa ngapi? Sisemi Bhutan ni peponi. Vijana wao wengi wanahama kutafuta kazi Australia. Lakini swali la usingizi lingemfaa Mama. Miaka ya mgongo wazi alikuwa akiamka saa tisa usiku. Nilikuwa nikisikia maji yakimiminwa, kisha mlango, kisha kandambili zake zikienda. Nilidhani watu wazima wote hulala saa nne tu.

Sasa nije Siaya, kwa sababu jibu lililo bora kuliko yote niliyowahi kuyaona limetoka hapo jirani, si mbali na boma la Dani.

Kati ya 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly liliwatumia watu wa Rarieda pesa kwa M-Pesa bila sharti lolote. Waliolengwa walikuwa wa nyumba za nyasi. Watafiti Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakafuatilia: watu hao walikula nini, walinunua nini, walilala na mawazo kiasi gani. Hata mate yao yalipimwa ili kuona homoni inayopanda mwilini mtu akiwa na mfadhaiko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Watu walikula vizuri zaidi, wakaezeka mabati, wakanunua mifugo, mapato ya mifugo na biashara ndogo yakaongezeka. Furaha na kuridhika vikapanda, huzuni na mfadhaiko vikashuka. Na pesa zilipokuwa nyingi, au zilipopewa mwanamke wa nyumba, ile homoni ya mateso ikawa chini zaidi. Nilipofika hapo niliweka karatasi chini nikampigia Mama simu, nisimwambie chochote cha maana. Nilimuuliza tu kama amekula.

Utafiti wa pili ulikuwa mkubwa zaidi na ulichapishwa mwaka 2022, Siaya hiyo hiyo: vijiji 653, nyumba zaidi ya 10,500, kila nyumba takriban dola 1,000. Safari hii watafiti walihesabu pia maduka, vibanda, vinu vya kusaga, mafundi. Kila dola 1 iliyoingia ilizalisha kama dola 2.5 za shughuli za kiuchumi katika eneo lile, na bei za vitu hazikupanda kwa kiasi cha kutajwa. Wenye biashara waliuza zaidi. Hata nyumba ambazo hazikupokea kitu zikaanza kutumia zaidi, kwa kuwa shilingi ya jirani ilipita kwao.

Hakuna aliyewafundisha wenye maduka wale ujasiriamali. Wateja wao ndio waliopata pesa.

Nimehudhuria semina za biashara nyingi, Kisumu na Nakuru. Nimefundishwa kuweka hesabu, kutenganisha pesa za duka na za nyumbani, kupanga bidhaa mbele, kumchekea mteja. Mengi yalinisaidia na nawashukuru walionifundisha. Lakini sijawahi kukaa kwenye semina ambapo mtu alisimama akasema: biashara zenu ni ngumu kwa sababu watu wanaopita mbele yake hawana kitu. Badala yake hufanywa ionekane kwamba tatizo liko ndani ya kichwa cha muuzaji. Mimi hujua wakulima wa miwa upande wa Muhoroni wamelipwa kabla redio haijasema, kwa idadi ya fotokopi ninazotoa: watoto wanapelekwa shule, fomu zinajazwa, vitambulisho vinahitajika. Malipo yakichelewa, tona moja hudumu miezi. Tabasamu langu ni lile lile nyakati zote mbili.

Kulikuwa na upande mwingine wa Rarieda ambao si haki kuuficha. Watafiti waligundua kwamba majirani waliokosa pesa walijiona maisha yao yameshuka kadiri wenzao walivyopanda, ingawa hawakupoteza chochote, na hali hiyo ikafifia baada ya muda. Hilo halinishangazi. Ngazi ya mtu huegemea ukuta wa jirani. Ndiyo maana sipendi tunavyowatukuza wachache waliofaulu mno kana kwamba mwanga wao utatufikia sote. Kijana wa kuosha magari haongezewi furaha kwa kuonyeshwa bilionea kila Jumatatu.

Kwa nini basi Mama alisimama tena mwaka ule wa 2009? Mkopo wa benki haukuwepo, wala hakukuwa na mfuko wowote wa serikali uliofika mlangoni petu. Alisimamishwa na nyoluoro. Wanawake kumi na wawili, kila mmoja shilingi 100 kwa wiki, zote zinamwendea mmoja, wiki ijayo mwingine. Zamu ya Mama ilikuwa mbali, mwezi wa Novemba. Mwanamke aliyekuwa na zamu ya wiki ile, ambaye yeye mwenyewe alikuwa akingoja pesa hizo kununua mafuta ya kukaangia, alikuja nyumbani jioni, akakaa kidogo, akasema wamebadilishana zamu. Hakutoa hotuba. Alizitoa pesa, shilingi 1,200, akaziweka chini ya kikombe cha chai na kuondoka kabla Mama hajalia. Mama hakurudi kwenye mgongo wazi, kwa kuwa nafasi ilikwisha kwenda. Alinunua gorogoro chache za omena, akaanza upya kutoka chini.

Nikiona kwenye ripoti za furaha maneno "kuwa na mtu wa kumtegemea", namwona mama yule na kikombe kile. Lakini wanawake kumi na wawili wanaoweka shilingi 100 wanaweza kumwinua mmoja aliyefiwa. Hawawezi kuwainua watatu kwa mpigo, na hawawezi kulipa bili ya upasuaji. Mfumo mpya wa bima ya afya ya jamii ulioanza 1 Oktoba 2024 unamkata aliyeajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, kidogo kidogo kila mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, ila sheria inamtaka alipe ya mwaka mzima kwa pamoja. Kwa muuza omena, 3,600 kwa mkupuo ni mtaji wenyewe. Aliyeandika hivyo huenda alikuwa na nia njema, lakini hajawahi kukaa Kibuye saa kumi na moja jioni akamwona mtu anavyogawa mapato ya siku: hii ya mwenye mali, hii ya nauli, hii ya unga, hii ya kesho. Haibaki ya mwaka mzima. Watu hawa hulipa kwa siku kwa sababu hupata kwa siku, na M-Pesa, tuliyo nayo tangu Machi 2007, inaweza kupokea hata shilingi 10.

Wachumi Tavneet Suri na William Jack walionyesha mwaka 2016 kwamba kufika kwa M-Pesa kuliondoa nyumba kama 194,000 za Kenya kwenye umaskini, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliweza kuhamia kwenye biashara kama kazi yao kuu. Sababu mojawapo ni hii hii ninayoiimba: ukipatwa na shida, ndugu aliye Mombasa anaweza kukutumia kitu usiku huo huo, na mtaji wako ukabaki salama kwenye pindo la leso. Mwaka 2009 Mama alikuwa na simu ya kuazima.

Kuna kufunga kwingine ambako hatukuchagui. Kondele inajulikana kwa maandamano, na ninapoona moshi upande wa mzunguko hushusha mlango wa bati bila kungoja kuambiwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 maduka mengi ya mji huu yaliporwa na kuchomwa, na wapo waliofanya biashara hapa miaka mingi ambao hawakufungua tena. Hilo lingehitaji makala yake. Nalitaja kwa kuwa amani pia ni mtaji, na hakuna anayeuweka kwenye hesabu hadi siku unapopotea.

Mwezi wa Machi mwaka huu Mama alitolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto. Binti ninayemwajiri dukani alikuwa kwenye mitihani ya chuo. Nikakaa Jumatatu usiku nikipiga hesabu: kodi imelipwa, tokeni za stima zipo, ritani bado zina muda, bima ya Mama nilishailipa ya mwaka mzima mimi mwenyewe, kutoka duka lile lile. Nikachapisha karatasi kwa herufi kubwa nikaibandika mlangoni: TUMEFUNGA. TUNARUDI IJUMAA.

Wodini alikuwa amefungwa bandeji, akinitafuta kwa jicho moja.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Mama."

"Nani amekaa pale?"

"Hakuna mtu."

Akanyamaza muda mrefu, vidole vyake vikitembea kwenye pindo la leso kana kwamba anahesabu kitu. "Na utaikuta?"

Nikamwambia nitaikuta. Sikuwa na uhakika huo niliouweka kwenye sauti, na nadhani alijua, kwa sababu alinishika mkono hadi alipolala.

Ijumaa nilifika saa kumi na mbili u nusu. Karatasi ilikuwa bado mlangoni, imelowa mvua, herufi zimechuruzika. Nilipoinua mlango, kitu kikatambaa sakafuni mbele ya kiatu changu. Ilikuwa flashi, imeviringishwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari pamoja na noti ya shilingi 100, mtu aliipitisha chini ya mlango. Nikaufungua ule mwandiko wa haraka: Dada, faili ya kwanza, nakala kumi tena. Nitapita jioni.

Nikawasha printa.